Kipimo cha Paris na Viwanja vya Juba

Ndugu msomaji, jioni moja tulipita Nimra Talata, penye uwanja wa mpira wa kikapu ambao karibu kila mkazi wa Juba anaujua. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Vijana walikuwa wamejaa uwanjani, na kandoni mama mmoja muuza chai alikuwa akipepea makaa yake. Timu mbili za mtaani zilikuwa zikichuana, na moja kati ya hizo ilikuwa chini ya kijana ambaye mchana hufundisha hesabu katika shule ya msingi. Timu yake ilishindwa kwa pointi 4. Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai alisimama, akamnyooshea kidole mbele ya wachezaji wake, akasema: "Mwalimu, wenzako waliwatoa jasho Wamarekani, wewe unashindwa na watoto wa mtaa wa pili! Kazi hii waachie wenyewe."

Watu walicheka. Yule mwalimu hakucheka. Aliinama akauokota mpira, ambao ndio uliokuwa mpira pekee wa timu yake, umechubuka hata mistari yake haionekani. Tulimfuata tukamsalimu. Akatuambia kwa upole: "Afande, mimi sina ugomvi na mzee wangu. Amesema kweli kwamba tumeshindwa. Lakini tangu mwaka ule wa Paris, kila jioni nacheza na timu mbili. Moja iko mbele yangu, na nyingine imo katika vichwa vya watu."

Maneno hayo tumeyatafakari kwa siku kadhaa, na tumeona hapana budi tuwashirikishe wasomaji. Swali lenyewe ni hili: mwalimu mmoja akitenda makubwa hata akapandisha kipimo cha taifa zima, je, ni haki walimu wengine wote wapimwe kwa kipimo hicho? Na kama ni haki, ni nani mwenye wajibu wa kuwapa nyenzo za kukifikia?

TULIKOTOKA

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 9 Julai, 2011. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, yaani tarehe 10 Julai, 2012, timu yetu ya kandanda ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa hapa Juba, ikatoka sare ya mabao 2-2 na Uganda. Kwa wengi wetu sare ile ilikuwa na utamu wa ushindi. Tulingoja hadi tarehe 5 Septemba, 2015 ndipo Atak Lual alipofunga bao moja dhidi ya Guinea ya Ikweta, tukaonja ushindi halisi kwa mara ya kwanza. Siku zile hakuna aliyeuliza kwa nini hatukufunga mabao matatu. Kushiriki tu kulikuwa ni fahari, na bendera kupandishwa kulitosha.

Katika mpira wa kikapu tulikuwa na jina, lakini hatukuwa na timu. Jina lilikuwa la hayati Manute Bol, mtu wa kimo cha sentimita 231, aliyeingia katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, mwaka 1985. Dunia ilimjua Manute, lakini wengi hawakuijua ardhi iliyomzaa. Shirikisho la mchezo huo duniani, FIBA, lilitupokea mwaka 2013, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo vita vikazuka nyumbani. Mwezi Januari, 2020 tulikwenda Nairobi kutafuta njia ya kuingia mashindano ya Kombe la Afrika, na Kenya ikatushinda. Nafasi tuliipata baadaye kwa sababu nchi nyingine ilikuwa imejitoa. Hivyo ndivyo tulivyoanza, kwa mlango wa nyuma.

ALIYEPANDISHA KIPIMO

Rais wa shirikisho letu tangu mwaka 2019 alikuwa Luol Deng, mzaliwa wa Wau. Alikimbizwa vita akiwa mtoto, akafika Misri, na huko Manute Bol mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuushika mpira. Baadaye alipata sifa kubwa katika timu ya Chicago Bulls. Mwezi Novemba, 2020 timu ilipokwenda Kigali, Deng alikaa mwenyewe katika benchi kama mwalimu. Mwaka uliofuata kazi hiyo aliikabidhi kwa Royal Ivey, Mmarekani wa New York, ambaye aliingia NBA mwaka ule ule wa 2004 alioingia Deng, na ambaye baada ya kustaafu kucheza alikuwa mwalimu msaidizi katika timu kadhaa za ligi hiyo.

Ivey hakuja na uchawi. Alikuja na utaratibu. Aliwakuta wachezaji waliotawanyika duniani, watoto wa wakimbizi waliokulia Marekani, Australia, Uganda, Kenya na Misri. Wengi walikuwa hawajapata kukanyaga nchi ya baba zao tangu utotoni. Aliwakusanya kwa siku chache kila mara, akawafundisha kulinda kikapu kwa pamoja, kukimbia bila kuchoka, na kutoa mpira kwa aliye wazi.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 2021 mjini Kigali, katika Kombe la Afrika letu la kwanza, tuliitoa Kenya kwa tofauti ya pointi mbili tu na kufika robo fainali, ambako tulisimamishwa na Tunisia, waliokuja kuwa mabingwa. Katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la mwaka 2023 tulicheza michezo 12, tukashinda 11. Huko Ufilipino tuliifunga China kwa pointi 89 kwa 69, tukawafunga wenyeji Wafilipino 87 kwa 68, kisha tukaifunga Angola, nchi yenye makombe mengi kuliko zote barani, kwa pointi 101 kwa 78. Tukawa wa kwanza kati ya timu za Afrika, na tiketi ya Olimpiki ya Paris ikawa yetu.

Yaliyofuata kila mtoto wa Juba anayasimulia. Tarehe 20 Julai, 2024 mjini London, katika mchezo wa kirafiki, Marekani ilitazamiwa kutushinda kwa zaidi ya pointi 40. Kufikia mapumziko sisi ndio tuliokuwa tukiongoza, pointi 58 kwa 42. LeBron James alihitajika kufunga sekunde za mwisho ndipo Marekani ikaponea kwa pointi 101 kwa 100. Siku nane baadaye, katika mji wa Lille, wakuu wa michezo walitupigia wimbo wa taifa usio wetu. Vijana walisimama wima hadi kosa liliporekebishwa, kisha wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Tulishindwa na Marekani 103 kwa 86, tukashindwa na Serbia 96 kwa 85, tukarudi nyumbani bila medali. Lakini tangu siku hizo kipimo kilikuwa kimekwisha kupanda, na kipimo kikipanda hakishuki kwa urahisi.

JAMBO HILI SI LETU PEKE YETU

Wasomaji wasidhani kwamba mzee yule wa Nimra Talata ni mtu wa ajabu. Huko Marekani kwenyewe alikotoka Ivey, jambo hili limetokea kwa ukubwa wa kutisha katika mchezo wao wa mpira wa yai unaochezwa na vyuo vikuu. Mchezo huo huko ni kama dini. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama peke yake huchukua watazamaji wapatao 100,000.

Chuo hicho kilimwajiri Nick Saban mwaka 2007. Kati ya msimu wa 2009 na ule wa 2020 alikipatia ubingwa wa taifa mara 6, mbali na ule alioupata mwaka 2003 alipokuwa Louisiana. Alistaafu Januari, 2024. Lakini habari kubwa kwetu si makombe yake. Habari kubwa ni yaliyowapata majirani zake.

Chuo cha Georgia kilikuwa na mwalimu aitwaye Mark Richt, aliyedumu miaka 15. Mwaka 2015 alishinda michezo 9 na kushindwa 3, na bado akaondolewa. Mahali pake aliwekwa Kirby Smart, aliyekuwa msaidizi wa Saban. Chuo cha Auburn kilikuwa na Gus Malzahn, ambaye kwa miaka 8 hakupata hata msimu mmoja wa kushindwa kuliko kushinda, na aliyemshinda Saban mwenyewe mara 3. Desemba, 2020 alifutwa kazi, na chuo kikakubali kumlipa zaidi ya dola milioni 21 ili mradi aondoke. Watu hawa hawakuwa wabovu. Kosa lao lilikuwa kuishi jirani na mtu asiyeshindwa.

Hata hivyo tusiishie hapo, maana hadithi ina upande wa pili. Vyuo vile vilipopandisha matarajio, vilifungua pia mikoba yao. Vilijenga kumbi za mazoezi, vikaajiri madaktari, wapishi na walimu wasaidizi. Georgia ilitwaa ubingwa wa msimu wa 2021 kwa kuifunga Alabama yenyewe, ikauchukua tena msimu wa 2022. Kipimo kilipanda na nyenzo zikapanda pamoja nacho. Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame nasi na kutafakari.

PASI YA MAKAA

Sisi tuliosomea uafisa tumeyaona mambo haya kwa macho yetu. Tulipokuwa chuo cha kadeti, kombania yetu ilikuwa na platuni nne. Platuni ya kwanza ilikuwa chini ya kapteni mmoja mkali lakini mwenye haki. Katika ukaguzi wa kila Jumamosi, kadeti wake walitokea wakiwa na suruali zenye mikunjo iliyosimama kama makali ya kisu. Mkuu wa kombania alipendezwa mno, akatoa amri: kuanzia Jumamosi inayofuata, platuni zote ziwe kama ya kwanza.

Sisi tulikuwa platuni ya tatu. Kwa Jumamosi tatu mfululizo tulikimbizwa kuzunguka uwanja wa gwaride kwa sababu ya mikunjo. Tulikuwa tukizilaza suruali zetu chini ya magodoro usiku kucha, na asubuhi zilitoka zikiwa zimekunjamana kama uso wa mzee. Tulianza kujiona kuwa sisi ni askari wabaya. Wenzetu wawili walifikiria hata kuacha chuo.

Jumamosi ya nne kapteni wa platuni ya kwanza alituona tukikimbizwa, akamwuliza sajini meja sababu. Alipojibiwa, aliingia katika bweni letu, akatazama huku na huku, akauliza swali moja tu: "Pasi yenu iko wapi?" Hatukuwa na pasi. Bweni la platuni ya kwanza lilikuwa na pasi moja ya makaa, nayo ilikuwa pasi pekee katika kombania nzima. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kapteni yule hakwenda kuomba kipimo kishushwe. Aliagiza pasi izungushwe, kila usiku bweni moja. Baada ya majuma mawili, platuni nne zote zilikuwa sawa, na sisi wa tatu tulipata kuwa wa kwanza mara moja kabla ya kumaliza chuo. Tangu siku hiyo tumejifunza kwamba kiongozi akitaka mikunjo, hana budi aulize kwanza habari za pasi.

PASI YETU IKO WAPI?

Sasa na tuulize kwa uwazi. Timu iliyokwenda Paris ilipiga kambi yake Kigali. Sababu inajulikana: wakati ule nchi yetu nzima haikuwa na ukumbi hata mmoja wa ndani ulio tayari kwa mchezo huo. Wachezaji wengi walikuwa wamepata malezi yao ya mchezo katika shule na vyuo vya ng'ambo, penye sakafu za mbao, taa na madaktari. Katika miaka ya mwanzo Luol Deng alitoa fedha mfukoni mwake kulipia safari na malazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa pasi ya platuni ya kwanza, na wala hatuwaonei wivu, maana walivuja jasho.

Lakini mwalimu wa Nimra Talata anafundisha juu ya saruji. Mwezi Machi, 2024 Serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika nyuzi 45. Katika joto la namna hiyo uwanja wa wazi hauchezeki mchana, na giza likiingia uwanja usio na taa umekufa. Mvua zikianza, madimbwi hukaa chini ya vikapu. Kwa hiyo mtoto wa Juba hupata labda saa moja na nusu kwa siku ya kuugusa mpira, na mpira wenyewe ni mmoja kwa watu 15. Mwalimu wake hapati mshahara kwa kazi hiyo. Nauli ya kwenda kucheza mtaa mwingine huchangwa.

Je, tunataka kusema kwamba kipimo cha Paris kishushwe? La hasha! Mtu anayewaambia watoto wetu kwamba walikusudiwa kushindwa ni adui yao. Kipimo hicho kimekwisha kuzaa matunda ambayo miaka 10 iliyopita tungeyaita ndoto. Mwaka 2025 dada zetu walicheza Kombe la Afrika la wanawake kwa mara ya kwanza, huko Abidjan, wakarudi na medali ya shaba. Mwezi Juni wa mwaka huo huo Khaman Maluach, aliyekulia Kampala na kuchezea taifa akiwa bado mtoto wa shule, alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Vijana hao wangeamini vipi kama hapangekuwa na wa kuwatangulia?

Tunachosema ni kwamba matarajio bila nyenzo hugeuka kuwa dhuluma. Mwezi Agosti, 2025 Kombe la Afrika la wanaume lilichezwa Angola, na kombe likabaki kwa wenyeji. Tulisikia hapa mjini maneno mazito, kana kwamba kombe lile lilikuwa mali yetu tukaporwa. Nchi iliyoshiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa imeanza kuhesabu ubingwa kuwa haki yake! Tamaa hiyo ni njema ikitupeleka kujenga. Ikitupeleka kutukana tu, itatuvunjia walimu wetu mmoja mmoja, na hao ndio wanaopanda mbegu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa maoni yetu, wajibu ni wa watu wengi. Wenye mamlaka ya michezo wana wajibu wa kuhakikisha kwamba sifa ya timu ya taifa inashuka hadi mitaani kwa namna inayoshikika: taa katika viwanja vilivyopo, mipira, filimbi, na mafunzo ya muda mfupi kwa walimu wa vijana. Mambo hayo hayahitaji mamilioni ya Alabama. Timu ya taifa inapokuja Juba, walimu wake watenge walau siku moja kukaa na walimu wa mitaani na kuwaonyesha mazoezi yao. Elimu ni pasi isiyopungua makaa kwa kuazimwa.

Wafanyabiashara wanaopenda kupiga picha na mabingwa uwanja wa ndege wakumbuke pia njia ya kwenda Nimra Talata. Ni karibu zaidi kuliko Paris. Sisi wa jeshi nasi tusijitoe. Katika makambi yetu mna viwanja, na kuna askari waliopata kuucheza mchezo huu vizuri. Jumamosi moja kwa mwezi ya kuwakaribisha watoto wa mtaa wa jirani haitapunguza ulinzi wa nchi. Huenda ikauongeza, kwa maana mtoto aliyezoea kuwaona wenye sare wakimtupia mpira hawezi kuwakimbia atakapokuwa mtu mzima.

Na sisi watazamaji je? Sisi tuna wajibu mdogo kuliko wote, lakini ndio unaotushinda. Tujifunze kumpima mwalimu kwa umbali aliotoka, si kwa umbali uliobaki tu. Timu iliyoshindwa kwa pointi 30 mwaka jana na kushindwa kwa 4 mwaka huu imefundishwa na mtu anayejua kazi yake. Anayetaka kumkosoa na amkosoe, ila asimvunjie heshima mbele ya vijana wake, kwa maana kesho asubuhi vijana hao watapaswa kumtii tena.

Tulirudi Nimra Talata siku chache baadaye. Mwalimu yule alikuwapo, na mpira wake ule ule. Mzee naye alikuwapo, na bilauri yake ya chai. Tulimpa mzee heshima zake, tukamsimulia kisa cha pasi ya makaa. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza mpira mpya wauzwa kiasi gani sokoni Konyo Konyo. Mama wa chai ndiye aliyemjibu, na hapo hapo akaweka noti yake ya kwanza juu ya meza. Wanywaji wengine wakaanza kupapasa mifuko. Mzee akaiangalia noti ile, akaguna, akatoa mbili.

"Mwambieni mwalimu," alisema, "mpira mpya atapata. Lakini Jumamosi nataka ashinde."

Kipimo, ndugu msomaji, hakikushuka hata kidogo.